Marehemu nilishamlipa deni lote, leo mwanaye kaja na mkataba anadai upya. Nifanyeje wakuu?

#1 Bati la Kihonda
Habari za jioni wakuu. Naenda moja kwa moja.

Februari 2019 nyumba yangu ilikuwa imeishia kwenye linta na masika yanakuja. Nikamfuata mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Kihonda, Morogoro, akanikopesha 1,800,000 taslimu nimalizie kenchi na bati. Tuliandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, karatasi moja, muhuri ukapigwa, akabaki nayo yeye. Mwisho wa kulipa iliandikwa 31 Desemba 2019. Riba hamna, mzee alikuwa mtu wa msikitini.

Sikulipa kwa wakati, nakiri. Ila nililipa. Novemba 2019 laki sita mkononi. Machi 2020 laki nne mkononi. Oktoba 2020 laki mbili na nusu mkononi, mjumbe akiwepo. Mwaka 2021 mzee akawa anaumwa miguu, haendi tena dukani, akanipa namba ya simu ya nyumbani kwake: Juni nikarusha laki tatu, Agosti laki mbili na nusu. Piga hesabu, ni 1,800,000. Nilipokwenda kumjulia hali nikamwomba karatasi yangu, akasema iko kwenye sanduku, siku akiitoa ataichana mbele yangu. Tukanywa kahawa, yakaisha. Mzee akafariki 2023, kaburi lake nimeshika chepeo mimi.

Wiki iliyopita mwanaye mkubwa anayeishi Dar kanitumia picha ya ule mkataba. Anataka 1,800,000 na juu yake 700,000 ya "usumbufu", ndani ya siku 14, la sivyo analeta dalali wa mahakama kung'oa bati. Mke wangu hajalala vizuri tangu siku hiyo.

Naomba kuwasilisha.

#2 Sauti ya Chini
Nimeweka kigoda changu hapa. Waje wanasheria.

#3 Pilipili Kichaa
Yaani umelipa mara tano hukuchukua hata kikaratasi cha pakiti ya sigara? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wewe deni lako bila daftari limefufuka na habari zake.

#4 Bati la Kihonda
#3 mkuu, yule mzee nilikuwa namwita baba. Baba unamdai risiti?

#5 Pilipili Kichaa
Mbona yeye mwanawe alimpeleka kwa mwenyekiti akapigiwe muhuri? Teh teh.

#6 Ustaadh wa Pongwe
Assalaam alaykum. Msimcheke, ila kweli kakosea. Aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani, ya 282 Suratul Baqara, ni ya deni. Imeagiza liandikwe, dogo au kubwa, na kuwe na mashahidi wawili. Watu wa dini tunaikariri vizuri sana, tukifika dukani tunasema "tunaaminiana."

#7 Mama Kibubu
Ustaadh umesahau sehemu: wanaume wawili, au mwanaume mmoja na wanawake wawili. Sisi tumo humo.

Mleta mada, picha aliyokutumia ni ya upande mmoja au pande zote mbili? Nimekuwa mweka hazina wa kikoba miaka tisa. Wazee wengi wakipokea marejesho hawaandiki kwenye daftari, wanageuza karatasi ile ile ya mkopo na kuandika nyuma. Nyuma ya hiyo karatasi kuna nini?

#8 Bati la Kihonda
Dah. Upande wa mbele tu, mama. Sikuwaza.

#9 Chumvi ya Mawe
Mnajichosha bure. Deni la 2019! Miaka mitatu ikipita hakuna kudaiana. Mjibu neno moja tu: "Limeoza."

#10 Msomi wa Vichochoroni
#9 mkuu, hiyo mitatu umeitoa kwenye fidia, za mtu kukuharibia mali au kukukashifu. Deni la mkataba ni miaka kumi na miwili.

#11 Karani Mstaafu
Wote wawili hapana. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89: madai ya mkataba ni miaka 6. Kumi na miwili ni ardhi. Na hauhesabu tangu siku ya kusaini, unahesabu tangu siku mkopeshaji alipopata haki ya kudai, yaani tarehe ya mwisho ilipopita bila kulipwa. Kwa hiyo 31 Desemba 2019 ongeza sita, ni mwisho wa mwaka 2025. Tupo Februari 2026. Na ukomo mahakama inauangalia yenyewe hata kama mdaiwa hakuusema.

Lingine la kumtuliza shemeji yetu: dalali wa mahakama hatembei kwa kutumwa na mtoto wa marehemu. Lazima kuwe na kesi, hukumu, kisha amri ya kukazia hukumu. Akija mtu na gari bila karatasi ya hakimu, huyo ni mwizi kama wezi wengine, mpigieni mwenyekiti na polisi.

#12 Bati la Kihonda
#11 Mungu akuweke mzee wangu. Kwa hiyo limeisha! Namwandikia sasa hivi.

#13 Msomi wa Vichochoroni
Usiandike kitu! Nimekubali nimesahihishwa hapo juu, ila Karani naye karuka kifungu. Kwenye sheria hiyo hiyo, mdaiwa akilipa sehemu ya deni, au akilikiri kwa maandishi, saa inaanza upya. Mleta mada mwenyewe kasema malipo yake ya mwisho ni Agosti 2021. Ongeza sita: Agosti 2027. Ukimwandikia "nilimlipa mzee hadi Agosti 2021" umempa mwaka mzima na nusu wa kukushtaki.

#14 Karani Mstaafu
Ni kweli, nimeruka. Uzee.

#15 Chumvi ya Mawe
Dawa rahisi. Aseme hajawahi kulipa chochote 2021.

#16 Mama Kibubu
Halafu akiulizwa "laki tano na nusu ya mwisho ulilipa lini" ajibu nini? Unamfundisha mwenzio kula kiapo cha uongo, na hesabu yenyewe haifungi.

#17 Msomi wa Vichochoroni
Hapa ndipo ninapopapenda. Angalieni mtego ulivyo na pande mbili. Mtoto anadai 1,800,000 yote, maana yake anasema haikulipwa hata senti. Kama haikulipwa hata senti, hakuna kilichoanzisha saa upya, deni limekufa Desemba. Akitaka liwe hai hadi 2027 inabidi akubali kwamba malipo ya 2021 yaliingia. Akikubali hayo, kabakiza nini cha kudai? Ndiyo maana nasema mleta mada anyamaze, aache mwenye madai azungumze kwanza, tena kwa maandishi.

#18 Pilipili Kichaa
Huyu Msomi wa vichochoroni kichochoro chake kina taa.

#19 Dereva wa Scania
Mimi nimetoka huko juzi, nisikilizeni. Nilikopa laki nane kwa mtu wa kausha damu (mikopo ya riba kali) mjini kwetu, akachukua kadi yangu ya benki na namba ya siri. Kila mwezi mshahara ukiingia anautangulia yeye. Mwezi wa saba nikajua nimemaliza. Mwezi wa nane akatoa tena. Kumuuliza, anasema ni "faini ya kuchelewa." Nikaenda benki nikafunga kadi, nikachukua nyingine. Ndipo akatoa karatasi kumbe niliyosaini haikuwa ya mkopo, ni mkataba wa kumuuzia pikipiki yangu! Nilisaini nikiwa na haraka, mtoto kalazwa. Mpaka leo tunaitana ofisi ya serikali ya mtaa. Kwa hiyo mleta mada soma tena mkataba wako neno kwa neno, uone kama ni wa mkopo kweli.

#20 Bati la Kihonda
Nimesoma. Umeandikwa "makubaliano ya kukopeshana fedha taslimu." Pole sana kaka.

#21 Nesi wa Zamu
Msidhani benki ni salama zaidi. Mkopo wangu wa mshahara ulikwisha, mwezi uliofuata wakakata tena. Wanasema orodha ya makato ilikuwa imeshafungwa. Hela walirudisha baada ya wiki kadhaa za kwenda na kurudi. Kumbe kwenye taarifa za mikopo nilikuwa bado nasomeka nadaiwa. Nilijua nilipokwenda kuomba mkopo mahali pengine nikakataliwa. Tangu hapo nikimaliza deni lolote siondoki bila barua ya kumaliza mkopo yenye muhuri, na naomba taarifa yangu kwenye kampuni za taarifa za mikopo nihakikishe wamenifuta. Kwa Tanzania zipo Creditinfo na Dun & Bradstreet, zimepewa leseni na Benki Kuu.

#22 Jirani wa Namanga
Kenya hiyo ndiyo CRB, tunaiogopa kuliko polisi. Mtu amelipa mkopo wa simu, mwaka mzima baadaye akiomba kazi anaambiwa alete cheti cha kutodaiwa, anakuta jina bado liko. Huku kuna kitu kizuri lakini: Mahakama ya Madai Madogo, kesi zisizozidi shilingi milioni moja ya Kenya, na inatakiwa imalizike siku sitini. Unaenda mwenyewe bila wakili. Nyinyi hamna?

#23 Karani Mstaafu
#22 kwetu hizo zinaanzia Mahakama ya Mwanzo, madai ya fedha hadi milioni 30 ya Tanzania. Lugha ni Kiswahili, ada si kubwa.

#24 Chumvi ya Mawe
Kwa nini asiende baraza la kata? Bure kabisa.

#25 Karani Mstaafu
Baraza la kata tumezoea kulipelekea migogoro ya ardhi, na hata huko tangu marekebisho ya 2021 linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Huyu hagombani na mtu kuhusu kiwanja.

Sasa nimwulize mleta mada swali ambalo lingetakiwa liwe la kwanza. Huyo kijana ni msimamizi wa mirathi? Deni la marehemu halidaiwi na kila mtoto aliyepekua sanduku. Linadaiwa na aliyeteuliwa na mahakama, ana barua. Leo ukimlipa huyu, kesho atakuja msimamizi halisi akudai tena, na atakuwa na haki. Tena kwenye Mahakama ya Mwanzo msimamizi ana miezi minne ya kuwasilisha fomu namba tano, orodha ya mali na madeni ya marehemu; fomu namba sita, ya mgawanyo na hesabu, hufuata baadaye. Mzee kafariki 2023. Kama mirathi ilifunguliwa, jalada lipo. Nenda kaombe kulikagua, uone kama jina lako limo kwa wanaodaiwa.

#26 Sauti ya Chini
Nasogeza kigoda mbele.

#27 Mkopeshaji Mstaarabu
Mimi ni mkopeshaji, nina leseni, msinirushie mawe. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 tuko daraja la pili, chini ya Benki Kuu, riba mwisho asilimia 3.5 kwa mwezi. Zile programu za simu zinazotuma picha yako kwa shemeji zako si sisi.

Nitetee upande wa pili kidogo. Kila mwezi ninao wateja wawili watatu wanaoapa walishalipa. Wengine wamelipa kweli, ila walilipa kwa msichana wa ofisi aliyeacha kazi. Wengine walirusha kwenye namba iliyokosewa tarakimu moja. Na wengine, hili sikilizeni, wana madeni mawili kwa mtu mmoja. Sheria ya Mikataba inasema ukiwa na madeni zaidi ya moja ukalipa bila kusema ni la lipi, na mazingira hayaonyeshi, mkopeshaji ana hiari ya kuziingiza kwenye deni halali analotaka yeye. Mleta mada, mzee alikuwa na duka. Hukuwahi kuchukua kitu dukani kwa mkopo?

#28 Bati la Kihonda
Nilichukua saruji mifuko 12 ya plasta, 2020. Hiyo ni habari nyingine, haihusiani.

#29 Pilipili Kichaa
Ahaaa. Saruji ulilipa lini?

#30 Kipepeo wa Mzumbe
Hizo programu za mikopo Benki Kuu si ilizifungia zaidi ya mia?

#31 Nesi wa Zamu
#30 zilikuwa 69, tangazo la Novemba 2024, zilikuwa zinakopesha bila leseni. Zingine zilibadilisha jina zikarudi, mdogo wangu kapigiwa simu na moja akiwa darasani anafundisha. Wakisambaza picha na namba zako kwa watu unaweza kulalamika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, sheria ipo ya mwaka 2022.

#32 Mwenye Nyumba Mbovu
Tusitoke kwenye mada. Mimi nina wazo chafu: namba ya simu ya "nyumbani" ilikuwa ya nani? Jina gani lilitokea ulipotuma?

#33 Bati la Kihonda
Mke mdogo wa mzee. Ndiye aliyekuwa anamuuguza.

#34 Pilipili Kichaa
Jamani chai imeiva, leteni na maandazi.

#35 Mwenye Nyumba Mbovu
Sikutaka kusema, ila nimeona mirathi nne za nyumba mbili, na zote hivi hivi. Watoto wa mke mkubwa hawana habari na pesa zilizopita kwa mke mdogo, au wanazo na wanataka zirudishwe. Huyo kijana hakudai wewe. Anataka useme mbele ya watu "nilimtumia mama mdogo", ili akamkabe mama mdogo kwenye kikao cha ukoo.

#36 Ustaadh wa Pongwe
Dhana nyingine ni dhambi. Huenda kijana kakuta karatasi haijachanwa, hajui lolote, anadhani anatetea haki ya marehemu baba yake. Kwetu deni la maiti na deni linalodaiwa na maiti yote mawili yanaulizwa kabla ya kugawana.

#37 Chumvi ya Mawe
Ustaadh, na ile 700,000 ya usumbufu imo kwenye aya gani?

#38 Ustaadh wa Pongwe
Hiyo haimo.

#39 Fundi Geji
Wengine mtashangaa lakini mimi ningempa hata laki mbili anyamaze. Amani ni bora. Kesi inakula zaidi ya laki mbili.

#40 Msomi wa Vichochoroni
#39 rudi #13 usome taratibu. Hiyo laki mbili ya amani ndiyo itakayoitwa "malipo ya sehemu ya deni, Februari 2026." Umenunua amani, umeuziwa miaka sita.

#41 Fundi Geji
Basi nimefuta kauli.

#42 Dereva wa Scania
Na asikimbilie polisi wala asikubali kuitwa polisi kijingajinga. Deni ni madai, si jinai. Lakini mtu akienda kituoni akaandikisha kwamba "alijipatia fedha kwa udanganyifu" unafunguliwa RB, yaani taarifa ya kesi polisi, na unalala ndani ukijieleza. Jirani yangu aliwekwa siku moja, akatoka kwa kulipa deni ambalo alishalipa. Ukiitwa nenda, nenda na mtu, eleza kuna mkataba na malipo, ni shauri la mahakama ya madai.

#43 Mama Kibubu
Mleta mada, tuache nadharia. Ushahidi ulionao mkononi ni upi? Meseji za miamala ya 2021 unazo?

#44 Bati la Kihonda
Simu iliibiwa 2022 stendi ya Msamvu. Laini ni ile ile. Mjumbe aliyeshuhudia Oktoba 2020 kahamia Mikumi, nimempigia, anakumbuka. Anasema anakumbuka kwa sababu zote zilikuwa noti za elfu tano, nilikuwa nimeuza nyanya, na mzee alimwambia amsaidie kuhesabu.

#45 Nesi wa Zamu
Nenda duka la mtandao wako na kitambulisho cha NIDA, omba taarifa ya miamala ya miezi hiyo miwili, wapige muhuri. Kwangu za karibuni nilipewa palepale, za zamani waliniambia niandike barua nisubiri. Ushahidi wa kielektroniki mahakamani unapokelewa, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 imeruhusu.

#46 Karani Mstaafu
Na huyo mjumbe aandike maelezo yake sasa, asaini, angali anakumbuka nyanya. Nimeona mashahidi wengi wazuri waliokufa kabla ya tarehe ya kesi.

#47 Kipepeo wa Mzumbe
Swali la mjinga: mkataba wa mtaani haukulipiwa ushuru wa stempu. Si hauna nguvu?

#48 Msomi wa Vichochoroni
Si swali la mjinga, mawakili hulitumia sana. Hati isiyolipiwa ushuru wa stempu haipokelewi kama ushahidi mpaka ilipiwe. Ila inaweza kulipiwa baadaye pamoja na adhabu, kwa hiyo ni kikwazo cha siku chache, si ukuta. Asiweke matumaini yote hapo.

#49 Bati la Kihonda
MREJESHO. Wakuu samahani kwa kimya cha siku sita.

Kwanza nilikwenda Mahakama ya Mwanzo kama Karani alivyosema. Jalada lipo. Msimamizi si huyu kijana! Ni shangazi yake, dada wa marehemu. Fomu namba tano ina nyumba, kiwanja, mali za dukani, na watu watatu wanaodaiwa. Mimi simo.

#50 Chumvi ya Mawe
Mchezo umekwisha! Zima taa!

#51 Karani Mstaafu
Tulia #50. Kutokuwemo kunamsaidia sana, lakini msimamizi anaweza kusema karatasi ilikuwa haijaonekana akaomba kuiongeza. Kinachojulikana leo ni kwamba kijana peke yake hana mamlaka ya kudai wala ya kupokea.

#52 Bati la Kihonda
Naendelea. Nilimwandikia shangazi barua fupi, wala sikutaja kulipa, niliuliza tu kama yeye ndiye anayedai na aniletee hesabu yake. (Asante Msomi.) Shangazi akapiga simu anacheka na kulia, hajui chochote. Akaitisha kikao jana ofisi ya mwenyekiti: yeye, kijana, mama mdogo, mimi na mjumbe wangu aliyetoka Mikumi na basi la asubuhi.

Kijana akatoa karatasi, akaiweka mezani upande wa maandishi juu, kaikandamiza kwa kiganja. Nikakumbuka #7. Nikamwambia mwenyekiti, naomba igeuzwe. Kijana anasema nyuma hakuna kitu. Mwenyekiti akamwambia mwanangu inua mkono.

Nyuma kuna mwandiko wa mzee, kalamu ya bluu. "Nov 600. Machi 400. Okt 250 mbele ya mjumbe." Basi. Mama Kibubu, popote ulipo nakudai soda, yaani unanidai.

#53 Mama Kibubu
Miaka tisa ya kikoba si mchezo. Soda naandika kwenye daftari.

#54 Pilipili Kichaa
Kwa hiyo kijana aliijua nyuma ya karatasi siku zote? Ile picha ya upande mmoja ilikuwa makusudi.

#55 Ustaadh wa Pongwe
Au hakugeuza. Watu wengi hawageuzi.

#56 Dereva wa Scania
Ustaadh huyo alikandamiza kwa kiganja!

#57 Mkopeshaji Mstaarabu
1,250,000 zimeandikwa. Zilizobaki 550,000 ni zile zile zilizopita kwenye simu. Mama mdogo alisemaje?

#58 Bati la Kihonda
Hapo ndipo pamekwama. Mama mdogo hajakana. Anasema pesa ziliingia, alizitoa akampa mzee, zingine zikaenda kwenye dawa na nauli za Dar kwa mwanaye huyo huyo, kwamba ndiye aliyekuwa anampeleka baba yake hospitali. Kijana akaruka juu, anasema hata kama ziliingia basi zilikuwa za saruji ya 2020, kwa sababu daftari la duka lina jina langu na halijachorwa mstari. Shangazi akasema yeye hataki dhambi, kama laki tano na nusu ina utata nimalizie nusu yake halafu karatasi ichanwe. Mwenyekiti akaahirisha, tunarudi Jumamosi. Ile 700,000 ya usumbufu haikutajwa tena na mtu.

#59 Mwenye Nyumba Mbovu
Nilisema #35. Kikao cha deni kimegeuka kikao cha wake.

#60 Msomi wa Vichochoroni
Nionavyo mimi: mzee mwenyewe ndiye aliyekupa namba, wakati akiwa hai na akili zake. Ukilipa kwa mtu uliyeelekezwa na mkopeshaji umemlipa mkopeshaji, aliyoyafanya nyumbani kwake na mkewe hayakuhusu. Shida yako ni kuthibitisha kwamba alikuelekeza. Mama mdogo akisema hivyo Jumamosi mbele ya mwenyekiti na ikaandikwa, umetoka.

#61 Karani Mstaafu
Sikubaliani asilimia zote. Mama mdogo naye ni mrithi, ana maslahi, hakimu atampima ushahidi wake kwa jicho hilo. Taarifa ya miamala yenye muhuri ndiyo itakayosema tarehe na kiasi bila kuwa na undugu na mtu. Umeshaandika barua?

#62 Bati la Kihonda
Nimeipeleka jana. Nasubiri.

#63 Fundi Geji
Pendekezo la shangazi mimi naliona la kistaarabu. Nusu ni 275,000. Safari hii si malipo ya kimya, ni maridhiano ya maandishi na msimamizi, "deni lote limekwisha, hakuna anayemdai mwenzake." Au bado nimenunua miaka sita?

#64 Msomi wa Vichochoroni
Kwa maandishi hayo, na akisaini msimamizi, hapana, hujanunua. Lakini kwa nini alipe mara mbili hata nusu?

#65 Fundi Geji
Kwa sababu anakaa mtaa mmoja nao.

#66 Mama Kibubu
Uamuzi ni wa mleta mada na mkewe. Ila likiisha kwa njia yoyote, usikubali wakae nayo tena kusubiri kuichana siku nyingine. Karatasi uondoke nayo wewe, na nakala ya maridhiano ibaki kwa mwenyekiti.

#67 Mkopeshaji Mstaarabu
Nami bado niko kwenye saruji. Kijana kwenye hilo si mjinga. Kama mifuko 12 haikulipwa, ile hoja yake kwamba pesa za simu ziliingizwa huko ina miguu.

#68 Pilipili Kichaa
Ndiyo nilichouliza tangu #29, watu wakanikimbiza na programu za mikopo. Mleta mada: saruji ulilipa lini?

#69 Kipepeo wa Mzumbe
Nakazia swali.

#70 Sauti ya Chini
Namwona hapo chini yuko mtandaoni. Taa yake ya kijani inawaka.

#71 Pilipili Kichaa
Imezimika.